Somo: Kompyuta imegoma na hukuwa na bakapu, toa mafaili yako kwanza

Wakuu, hili ni la yule ambaye kompyuta imegoma kuwaka, ndani kuna picha, vyeti alivyoskani na kazi ya miezi, na bakapu hana. Elewa kwanza kwamba kompyuta kufa sio diski kufa. Mara nyingi kilichokufa ni chaji, kioo, ramu, mazabodi au Windows yenyewe, mafaili yametulia tu kule kwenye diski. Kinachoyaua ni haraka, mtu anakimbilia kupiga Windows upya halafu ndio anauliza picha ziko wapi. Hata ukimpelekea fundi mwambie kabla hajagusa kitu: mafaili kwanza, Windows baadaye.

Hatua ya 1. Isikilize diski. Kama ni HDD, ile ya kuzunguka, na inagonga tik tik au inakwaruza, zima hapo hapo. Usiwashe tena eti kujaribu kidogo, kichwa cha kusomea kinaweza kuwa kinakwangua sahani na kila dakika inaondoka na data. Usiifungue, vumbi tu linatosha kuiharibu, na ile habari ya kuiweka kwenye friza achana nayo kabisa. Hiyo ni kazi ya maabara na ni ghali, kwa hiyo pima mafaili yako yana thamani gani kwako.

Hatua ya 2. Diski iko kimya, mashine inawaka ila Windows haifunguki? Tumia Linux ya kwenye flashi, yaani mfumo mwingine badala ya Windows unaowaka toka kwenye flashi bila kugusa diski. Kwenye kompyuta nyingine pakua Linux Mint au Ubuntu, iandike kwa programu ya Rufus kwenye flashi ya GB 8 (itafutwa yote, toa vitu vyako kwanza), chomeka, washa huku unabonyeza F12, F9 au Esc kutegemea na aina ya mashine, kisha chagua flashi. Mint ikifunguka utaona pale juu ya deski kialama cha Install Linux Mint, hicho usikiguse, ndicho kitakachokufutia diski. Fungua diski yako, ingia Users, halafu folda lenye jina lako, kopi Desktop, Documents, Pictures na Downloads kwenda diski ya nje. Kopi, usikati. Pitia na AppData, Windows huwa inaificha ila hapa utaiona, alama za kurasa za brauza ziko humo. Video ya zaidi ya GB 4 ikikataa kuingia, ujue diski ya nje imefomatiwa kwa mtindo wa FAT32 usiopokea faili kubwa hivyo, tafuta yenye mtindo wa exFAT.

Hatua ya 3. Mashine haiwaki kabisa, basi chomoa diski uisomee kwenye kompyuta nyingine. Ile ndogo ya laptop inatumia adapta ya SATA kwenda USB, ile kubwa ya inchi 3.5 inataka na umeme wake wa pembeni, NVMe, ile SSD (diski isiyozunguka) iliyo kama kibao chembamba, inataka kasha lake la USB. Windows ikikuambia diski inabidi ifomatiwe, kataa.

MASWALI

Swali: Mkuu nimefika kwenye Linux, diski naiona ila inadai ufunguo, sijawahi kuweka pasiwedi mimi.
Jibu: Hiyo ni BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski nzima, siku hizi inaweza kujiwasha yenyewe. Ingia akaunti yako ya Microsoft hata kwa simu, tafuta ufunguo wa tarakimu 48. Mashine ya ofisini waulize watu wa IT. Bila huo ufunguo hakuna ujanja, asikudanganye mtu.

Swali: Mimi fundi keshapiga Windows juu yake jamani
Jibu: Angalia kwenye C kama kuna folda la Windows.old, fanya leo maana hufutwa lenyewe baada ya siku kama 10. Kama alifomati, acha kuitumia hiyo diski kabisa, ichomeke kwenye kompyuta nyingine uendeshe PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa, unachookoa kihifadhi kwenye diski tofauti. Majina ya mafaili yatapotea, utakaa kuyapanga upya. Kama ni SSD matumaini ni madogo, TRIM, ile kazi ya SSD ya kusafisha vilivyofutwa, inakuwa imeshapita.

Swali: Yangu inakopi inafika katikati inaganda, nipige chkdsk, ile ya Windows ya kurekebisha diski?
Jibu: Hapana mkuu, chkdsk inaandika kwenye diski hiyo hiyo mbovu. Diski yako ina sekta zilizokufa, yaani vipande visivyosomeka, tumia programu ya ddrescue ukiwa Linux, inakopi diski nzima kuwa faili moja kubwa (imeji), inachukua panaposomeka kwanza halafu ndio inarudia pabovu:
ddrescue -d /dev/sdb imeji.img rekodi.map
Hiyo imeji na rekodi yake ziende kwenye diski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko diski nzima unayookoa. Hakikisha kwa amri ya lsblk, inayoorodhesha diski zote, kwamba sdb ndiyo mbovu kweli, usije ukakopi diski isiyo yenyewe. Umeme ukikatika rudia amri ile ile, itaendelea ilipoishia.

Swali: Inachukua muda gani?
Jibu: Diski isiyo na shida ni masaa, mbovu hata siku kadhaa. Iache ifanye kazi, usiitikise.