Jinsi ya kuchora ramani ya madini hatari kabla greda halijaingia saiti

Hii ni kwa wote mnaopima barabara, hasa za changarawe na moramu, maana vumbi likiwa na asbesto au erionaiti (madini yenye nyuzi nyembamba) halimuumizi fundi peke yake, kila anayeishi pembeni analivuta na saratani ya utando wa mapafu inaweza kujitokeza hata miaka 30 baadaye.

Hatua ya 1: anza mezani. Ingiza ramani ya jiolojia kwenye QGIS (programu ya bure ya kuchora ramani), pitisha mstari wa barabara juu yake, halafu weka na MACHIMBO yote ya moramu na kokoto. Hapa ndo wengi wanaruka. Njia yenyewe inaweza kuwa safi kabisa ila hatari ikaja na lori, kama Dunn County kule North Dakota, changarawe yenye erionaiti ilichimbwa ikamwagwa kwenye mamia ya kilomita za barabara.

Hatua ya 2: wekea alama miamba ya kushuku. Serpentinaiti, lile jiwe la kijani linaloteleza mkononi, ndo la kwanza. Kuna dolomaiti iliyounguzwa na magma, kuna kanda za mipasuko, na majivu ya kale ya volkano yaliyogeuka zeolaiti (kundi la madini ambalo erionaiti ni mojawapo), humo ndo erionaiti inakaa. Ila usiishie kwenye serpentinaiti tu! Karibu na Boulder City, Nevada, asbesto ilikutwa kwenye miamba jamii ya granaiti iliyobadilishwa na maji moto ya chini ya ardhi, na mafuriko yakaibeba mpaka kwenye mchanga wa bondeni, kwa hiyo fuata na makorongo yote yanayoshuka kutoka kwenye mwamba huo.

Hatua ya 3: tembea. Vaa barakoa yenye filta ya P100, ile inayozuia vumbi laini sana (ya kitambaa haisaidii), lowesha jiwe kabla ya kuligonga, angalia mishipa na nyufa. Sampo iingie mifuko miwili, namba na GPS juu yake.

Hatua ya 4: maabara. California kikomo cha asbesto kwenye mawe ya kumwaga juu ya barabara ni asilimia 0.25, na kwenye hadubini ya mwanga wanakagua pointi 400 za sampo, yaani pointi moja tu ya asbesto tayari umefika kikomo. Nyuzi nyembamba sana hadubini hiyo haizioni, omba ya elektroni kwa sampo zenye utata.

Hatua ya 5: rangi. Nyekundu imethibitishwa, njano inashukiwa, kijani imepimwa ikakutwa haina, na kijivu ni pale ambapo hakuna aliyepima. Tafadhali sana kijivu usiipake kijani, injinia akiona kijani anachimba.

Mpe injinia ramani kabla ya tenda, bado kuna nafasi ya kuhamisha njia au kubadili machimbo. Mkato mpya wa barabara kwenye mwamba ukifunguliwa rudi ukaukague, mwamba wa chini mara nyingi siyo ule wa juu.