Kuzipa Huduma Tatu za Wavuti Lugha Moja

Duka moja la vyombo pale Kamukunji, Nairobi, lilinipa kazi ya kuunganisha huduma tatu: ya oda, ya malipo na ya bodaboda. Kila moja iliandikwa na mtu wake, kwa maneno yake. Kughairi huku kuliitwa fungaOda, kule batilisha, kwingine futaSafari. Wiki nzima niliandika programu za kutafsiri tu. Nilivyotoka humo ni hivi.

Hatua ya 1: Orodhesha vitu kwanza

Chukua karatasi uandike nomino: oda, malipo, safari, mteja. Kila kitu kipate anwani yake ya kudumu, mfano /oda/4471. Ukijikuta unaandika /ghairiOda, simama. Kughairi ni kubadilisha hali ya oda ile ile. Mara nyingine nyuma ya kitenzi kuna nomino iliyojificha: kumrudishia mteja pesa ni rejesho, lenye kiasi, tarehe na hali yake. Lipe anwani.

Hatua ya 2: Tumia vitenzi vya HTTP

HTTP ni kanuni ambazo programu hufuata kuombana na kujibiana kwenye wavuti. Katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 2000, Roy Fielding, mmoja wa walioandika kanuni hizo, alieleza kiolesura kimoja (njia moja ya kuwasiliana) kinachotumika kwa rasilimali zote za wavuti, yaani vile vitu vya hatua ya 1. GET husoma, POST huongeza, PUT huweka kitu kizima, PATCH (iliyopata kiwango chake 2010) hurekebisha sehemu, DELETE huondoa. Msemaji wa Kiswahili analijua jambo hili tangu utotoni: neno geni likishapata ngeli, viambishi hufuata vyenyewe. Huduma mpya nayo ijiunge hivyo.

Hatua ya 3: Jua ombi lipi linaweza kurudiwa

Hapa ndipo pesa za watu hupotea. Mwenye boda anaingia kwenye lifti, mtandao unakatika. Ombi limefika kwenye seva (kompyuta inayopokea maombi) lakini jibu halijarudi, kwa hiyo simu inatuma tena. Kwa POST, safari mbili zinazaliwa. Ndivyo mteja wetu wa mtaa wa Umoja alivyopelekewa seti mbili za sufuria.

Kanuni za HTTP zinataka PUT na DELETE zikirudiwa mara kumi, matokeo kwenye seva yawe yale yale ya mara moja. Basi tuliiondolea seva kazi ya kuipa safari namba. Simu yenyewe hutengeneza kitambulisho cha UUID (namba ndefu isiyogongana na nyingine), inakihifadhi, kisha hutuma PUT kwenye /safari/ pamoja na kitambulisho hicho. Mara ya kwanza seva hujibu 201, yaani “imeundwa”. Ikirudiwa hujibu 200, yaani “sawa”, na safari inabaki moja. Kwenye malipo usilegeze hili hata kidogo.

Hatua ya 4: Zuia watu kufutiana kazi

Karani na mteja wanaweza kubadilisha oda moja kwa wakati mmoja. Seva itoe alama ya toleo, ETag, kila oda inaposomwa. Anayebadilisha airudishe kwenye If-Match, sehemu ya ombi inayosema “badilisha ikiwa toleo bado ni hili”. Toleo likiwa limeshapitwa, seva ijibu 412 (sharti halikutimia), naye asome upya kabla ya kuandika.

Hatua ya 5: Makosa nayo yafanane

404 kwa kisichopatikana, 409 kwa mgongano. Kwa maelezo ya kosa, fuata muundo wa RFC 9457, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2023. Tafadhali usijibu 200 huku ndani umeandika “imeshindikana”; anayekutegemea ataamini ile 200.

Hatua ya 6: Jaribu

Kwa curl, programu ya kutuma maombi ya HTTP kwa amri za maandishi, tuma PUT ile ile mara mbili, kisha hesabu safari kwenye hifadhidata. Ukiona mbili, rudi hatua ya 3.