Kubadili Chapa ya Kichwa cha Risasi: Namna ya Kupima Baruti Upya

Tangu tarehe 1 Julai 2019, kila anayewinda kwa bunduki katika jimbo la California, Marekani, analazimika kutumia vichwa visivyo na madini ya risasi, sheria iliyotungwa zaidi kwa ajili ya kuwalinda kondori, ndege wakubwa jamii ya tai, wanaopata sumu kwa kula mizoga yenye vipande vya madini hayo. Wengi wetu tunaojaza wenyewe maganda ya bunduki za .30-06 (aina ya risasi za kuwindia) tulihamia kwenye vichwa vya shaba tupu vya uzito uleule wa greni 165 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), na wapo waliodhani kwamba uzito ukilingana, basi na baruti italingana. Dhana hiyo ni ya hatari.

Shaba ina gramu 8.96 kwa kila sentimita ya ujazo, ilhali madini ya risasi yana 11.34, kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito uleule ni kirefu zaidi, na kwa kuwa urefu wa risasi nzima una ukomo wake, ziada hiyo huzama ndani ya ganda, ikapunguza nafasi ya baruti na kupandisha shinikizo. Tena shaba tupu ni ngumu kuchorwa na mifuo ya mtutu, ndiyo maana kampuni ya Barnes huchonga mikanda kuzunguka kiwiliwili cha vichwa vyake vya TSX ili msuguano upungue. Hata vichwa viwili vya madini ya risasi vyenye koti la shaba, vikitoka kwa watengenezaji Sierra na Hornady, hutofautiana kwa unene wa koti hilo na kwa urefu wa sehemu inayogusa mtutu.

Basi weka kando kipimo cha zamani, ufungue kitabu cha mtengenezaji wa kichwa kipya na uanzie kwenye kipimo chake cha chini. Ukikuta ukomo wa juu peke yake, ondoa asilimia 10: ukomo ukiwa greni 50, unaanza na 45. (Nimetaja tarakimu hizo kwa ajili ya hesabu tu.) Usishuke chini ya kiwango cha kitabu ukidhani ndio usalama, kwa maana baruti ya kuungua polepole, ikiwa kidogo mno ndani ya ganda kubwa, imewahi kupasua bunduki.

Panda kwa nusu greni, ukijaza risasi tatu kwa kila hatua na kuziandika kwa kalamu ya wino mzito, kisha zipige ukianzia ya chini. Baada ya kila mlio, sikiliza mkono wako unapoinua komeo: likigoma hata kidogo, simama. Geuza ganda kwenye mwanga, utazame kama fataki (kiwashio kilicho kitakoni) imebanjuka kingo zake au kama kitako kina doa jipya linalong'aa. Mimi, hata hivyo, naiamini zaidi mashine ya kupimia mwendo wa kichwa kinapotoka mtutuni, kwa sababu ukomo wa shinikizo wa .30-06 ni psi 60,000 (pauni kwa inchi ya mraba) na dalili za macho mara nyingi hujitokeza baada ya kuupita. Mwendo ukifikia ule wa juu wa kitabu kabla baruti haijafikia kipimo chake cha juu, umeshafika.

Risasi zilizobaki za hatua za juu zisipigwe. Zifungue kwa nyundo ya kung'olea vichwa, na kwenye boksi jipya uandike chapa ya kichwa, aina ya baruti na namba ya toleo la kopo.