Piga magoti kwanza: kuitambua okidi ndogo ya porini

Okidi ndogo huitambui ukiwa umesimama. Nyingine ua lake ni dogo kama punje ya mchele, na kwa juu unaona kijiti cha kijani tu kati ya nyasi. Piga magoti, ila angalia unapoweka goti. Mimi nimewahi kuponda ya pili nikiishangaa ya kwanza.

Hakikisha kwanza ni okidi. Sepali (vijani vya nje vya ua) tatu, petali (vya ndani) tatu, na petali moja haifanani na nyingine mbili. Hiyo ndiyo mdomo. Katikati, badala ya stameni (vijiti vya chavua) zilizotawanyika kama za yungiyungi, kuna kinguzo kimoja ambamo sehemu za kiume na za kike zimeungana.

Rangi iache. Spishi moja yaweza kutoa maua meupe hapa na ya waridi hatua mbili mbele. Mimi huuliza mambo mawili: mdomo uko juu au chini, na mkia unaanzia wapi? Mkia ni ule mfuko mwembamba unaochomoza nyuma ya ua. Okidi nyingi mdomo wake uko chini kwa sababu ua hujisokota nusu mzunguko kabla ya kuchanua. Tazama ovari (sehemu inayobeba mbegu) iliyo nyuma yake, utauona msokoto kama wa kamba. Sasa majina ya makundi machache ya okidi. Satyrium haijisokoti: mdomo uko juu kama kofia, na nyuma yake kwa kawaida ina mikia miwili. Disa, mkia hutoka kwenye sepali, si kwenye mdomo. Habenaria ina mkia mmoja chini ya mdomo, na mdomo wenyewe mara nyingi umechanika vidole vitatu. Ukikuta mdomo juu, hakuna mkia ila kuna kama kidevu, na mmea umekaa kwenye gome la mti, fikiria Polystachya.

Mwaka wangu wa kwanza nilirudi na picha nzuri za mbele tu, mikia yote imejificha. Sasa picha ya ubavuni ndiyo ya kwanza. Kisha mbele, jani, mmea mzima, na rula pembeni.

Una lenzi ya mara 10? Chukua unyasi, ingiza ncha yake polepole chini ya kinguzo kama ulimi wa nondo. Ukiutoa huenda ukakuta vidonge viwili vya njano vimenata: chavua ya okidi nyingi si vumbi, ni donge. Viguse kwenye ua la jirani wa aina hiyohiyo, deni limelipwa.

Usiing'oe. Inategemea kuvu wa udongo ule, na nyumbani itakufa tu.

Zile nyeupe na za kijani zirudie jioni. Kuna moja niliyoiandikia "haina harufu" mara tatu, zote mchana. Giza lilipoingia ilininukia kabla sijaiona.