Kutafsiri Hojaji ya Usemi na Umezaji kwa Wagonjwa wa Parkinson

Anza kwa kuomba idhini ya maandishi kutoka kwa watunzi wa hojaji, kwa mfano ROMP ya Uholanzi, yenye maswali 23 kuhusu usemi, umezaji na mate. Wafasiri wawili watafsiri kila mmoja peke yake kisha wapatanishe matini zao, na mtu wa tatu, ambaye hajaiona hojaji ya asili, airejeshe tafsiri katika lugha ya hojaji hiyo.

Ugumu hasa umo katika maneno ya mwilini. Ukiandika “kukabwa”, mgonjwa atawaza vibaka. Tonge likikwama kooni mtu husakamwa, lakini chai inapopotea njia na kumkohoza, amepaliwa, na tofauti hiyo ni lazima ibaki. Vilevile, mate yanayochuruzika bila hiari ni udenda, neno ambalo mzee anaweza kuliona la kitoto, kwa hiyo muulize yeye mwenyewe angelisemaje.

Jaribu rasimu kwa wagonjwa wachache, mmoja mmoja, wakati levodopa, dawa ya kutuliza dalili za Parkinson, imeshafanya kazi, kila mmoja akieleza swali kwa maneno yake. Sauti ikiwa imefifia, mpe muda, wala usimruhusu mlezi kumjibia.

Ndipo upime kundi kubwa zaidi: alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha jinsi maswali yanavyopatana, ifikie walau 0.70, baadhi wajaze tena baada ya wiki mbili ili kuona kama majibu yanabaki yaleyale, na alama zilinganishwe na uchunguzi wa umezaji, kwa sababu wapo ambao maji huwaingia mapafuni bila wao kukohoa wala kuhisi.