Mfarishi wa miraba na rangi zilizopoa, hatua kwa hatua

Mfarishi ni tandiko la tabaka tatu, uso wake ni vipande vya kitambaa vilivyoungwa. Hapa umbo ni mraba tu, kwa hiyo uzuri wote unabebwa na rangi zinazokaribiana. Mfarishi wa sentimita 150 kwa 200 unataka miraba 192: upana 12, urefu 16.

1. Vitambaa. Nunua pamba tupu, aina tano: maziwa, krimu, mchanga, kijivu cha majivu na samawati iliyopauka. Jumla mita 5 zenye upana wa sentimita 115 zinatosha uso na pindo; bitana ni kando. Satini iache dukani, mng'ao wake utaua utulivu wote. Fua kwanza, visinyae kabla hujakata, kisha piga pasi.

2. Kupanga rangi. Wengi ninaowafundisha hukwama hapa. Tandika vitambaa vyote mchana, karibu na dirisha. Usiamue usiku: chini ya taa ya njano, maziwa na krimu huwa kitu kimoja. Rudi nyuma hatua kadhaa, finya macho. Kinachokurukia usoni, kitoe, hata kama ndicho ulichokipenda dukani.

Halafu piga picha kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Vitambaa viwili vikipotea ndani ya kijivu kimoja, si kosa, mradi kwa macho rangi zake zinatofautiana, au kimoja kina ufumaji wa kukwaruza na kingine laini. Vikifanana kwa yote, bakiza kimoja.

Kikizidi ukali kidogo, kigeuze. Upande wa ndani wa poplini yenye maua mara nyingi umepauka vizuri kuliko kitu chochote utakachouziwa. Kitenge cha nta hakikubali, kimechapwa pande zote mbili. Chenye mtande (nyuzi za urefu) wa rangi moja na mshindio (nyuzi za upana) wa nyingine kikate uelekeo mmoja, kwani ukikizungusha kinabadilika.

3. Kata miraba ya sentimita 14. Usipange kama ubao wa drafti; peleka iliyokolea kona moja, ififie taratibu kuelekea kona ya pili. Piga picha ya mpango huo kabla ya kuokota.

4. Unga mstari kwa mstari, ukiacha milimita 7.5 za mshono, kwa uzi wa kijivu hafifu. Mshono ulazie upande uliokolea, la sivyo utaonekana kama kivuli chini ya kitambaa cheupe.

5. Bitana chini, blanketi jembamba la pamba katikati, uso wa miraba juu; piga bandi (mishono mirefu ya muda), kisha shona tabaka zote kwa mkono.

6. Pindo likatwe kwenye kitambaa kile kile cha rangi ya mchanga. Pindo jeusi litaufunga mfarishi kama fremu, na jicho litaishia pembeni.