Morris Minor Traveller: mbao kwanza, viti baadaye

Kwenye Morris Minor Traveller, gari la Kiingereza lililoundwa kuanzia 1953 hadi 1971, mbao za nyuma si pambo. Ndizo zinazobeba paa, vioo na milango ya nyuma. Wakilikarabati, wengi hapa Malindi huanza na viti kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana, kisha huving'oa tena fundi mbao apate nafasi. Ni hasara tupu.

Toa viti, mazulia na vifuniko vya pembeni. Dunga mbao kwa bisibisi nyembamba kila sentimita 5, hasa mti wa chini, pembe zake, na mifuo ya vioo. Ikizama zaidi ya milimita 3, mti umeoza ndani hata kama vanishi bado inang'aa. Maji ya mvua huteremka na kioo, yakatuama kwenye mfuo, na chumvi ya upepo wa bahari haiachi mti ukauke. Skrubu za chuma nazo hula kutu, huvimba na kuupasua. Mchwa utawajua kwa kugonga: mti ulioliwa hulia kama debe.

Kabla ya kufungua kiungo chochote, pigilia mbao mbili za mshazari ndani ya bodi, pima pembe kwa pembe, uandike vipimo. Maliza upande mmoja kabla ya kugusa wa pili. Ukifungua pande zote mbili, paa litaegemea na milango haitafunga sawasawa tena.

Mti wa asili ni eshi wa Uingereza, mweupe na mzuri kupinda, lakini hauwezi unyevu wala mchwa. Hapa kwetu mvule ndio bora, ingawa rangi yake ni ya kahawia. Mbambakofi ni imara lakini mzito mno kwa gari dogo. Mvule huwa na vijiwe ndani vinavyoharibu makali ya randa, na vumbi lake huwasha kifua na ngozi, vaa barakoa. Una mafuta pia, kwa hiyo ufute kwa thina muda mfupi kabla ya kupaka gundi ya epoksi. Usikaze jiriwa kupita kiasi: gundi yote itatoka na kiungo kitabaki kikavu.

Mti uliooza ncha tu huungwa kwa mshazari wa moja kwa nane: unene wa milimita 40, mshazari wa milimita 320. Mpe fundi wa majahazi, kama wale wa Matondoni, Lamu, maana amezoea miti iliyopinda. Mwambie tu asipake sifa, yale mafuta ya samaki yapakwayo majahazi. Gundi na vanishi havishiki juu ya mafuta hayo, na harufu haitoki garini.

Toboa matundu ya milimita 6 sehemu ya chini kabisa ya mfuo ili maji yapate njia. Paka vanishi ya boti ndani ya mifuo na kwenye ncha za mbao kabla ya kuunganisha. Koti la kwanza liwe jepesi, lifuatwe na matano, na msasa namba 320 katikati. Ifanye kazi hii wakati wa kaskazi. Kwenye masika vanishi hugeuka nyeupe. Skrubu ziwe za stenlesi.

Sasa viti. Fumua kava la zamani mshono kwa mshono, ulitumie kama kielelezo, ukiongeza milimita 12 za mshono. Mpira wa chini uliokauka ubadilishe, la sivyo sponji mpya itabonyea. Kata sponji nzito ipite fremu ya kiti kwa milimita 10 kila upande, ndipo kava likae bila mikunjo. Uzi uwe wa polista, kwani wa pamba huoza kwa jasho. Anika kava juani nusu saa kabla ya kulivuta. Likiwa baridi hupasuka kwenye pembe. Gundi ya viatu paka pande zote mbili, nyembamba, usubiri isishike kidole. Ukiipaka nene, joto la mchana litaibandua.

Boliti za viti zipake grisi kabla ya kufunga, ama mwakani utazikata kwa tindo.